Nani Anaruhusiwa Kumpima Afya Mwanafunzi Mwanamichezo Nchini Marekani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka mwezi wa Julai unapoelekea kwisha, wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili huku Marekani huletewa na watoto wao fomu ya kurasa kadhaa, ambayo isiporudishwa shuleni ikiwa na saini ya mtaalamu wa afya, mtoto haruhusiwi hata kufanya mazoezi na wenzake. Nimekuwa mkalimani katika kliniki kwa miaka kadhaa, na maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa na wazazi kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, mara nyingine kwenye viti vya kusubiria daktari na mara nyingine kwa simu, usiku wa kuamkia mechi ya kwanza.

Uchunguzi huu ni wa nini hasa?

Watoto wetu huuita fizikali. Ni uchunguzi wa afya unaofanywa kabla mwanafunzi hajajiunga na timu ya shule, kwa lengo la kugundua hali zinazoweza kumdhuru anapokimbia, anapogongana na mwenzake au anapocheza kwenye joto kali. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni historia ya afya, yaani maswali ambayo mzazi na mtoto huyajibu kwa maandishi; ya pili ni kupimwa mwili: shinikizo la damu, macho, mapafu, viungo, mgongo, na zaidi ya yote moyo. Mwongozo unaofuatwa na wengi umeandaliwa kwa pamoja na vyama sita vya madaktari, na toleo lake la tano lilitoka mwaka 2019.

Kisheria, nani anaruhusiwa kuufanya na kusaini fomu?

Hakuna sheria moja ya Marekani nzima inayojibu swali hili. Kila jimbo lina utaratibu wake, uliowekwa ama na bunge la jimbo ama na chama kinachosimamia michezo ya shule za sekondari, na ndiyo maana ndugu wawili, mmoja akiishi Texas na mwingine Michigan, wanaweza kupewa majibu tofauti na wote wakawa wameambiwa ukweli. Hata hivyo, wapo wataalamu wanaokubaliwa karibu kila mahali. Wa kwanza ni daktari mwenye herufi MD baada ya jina lake. Wa pili ni daktari mwenye herufi DO, ambaye amesomea chuo cha osteopathi. Wazazi wengi humtilia shaka kwa kuwa herufi zake ni ngeni machoni pao, lakini huyu ni daktari kamili, mwenye mamlaka yaleyale ya kutibu, kupasua na kuandika dawa. Wa tatu ni tabibu mwenye herufi PA. Aliyewahi kutibiwa na afisa tabibu katika kituo cha afya nchini Kenya au Tanzania ataielewa kazi yake kwa haraka: si daktari kwa cheo, ila amefunzwa kupima, kutambua ugonjwa na kutibu. Wa nne ni muuguzi aliyesoma hadi ngazi ya juu na kupewa leseni ya kutibu, ambaye herufi zake huwa NP au APRN.

Texas inawakubali hawa wote pamoja na kiroprakta, yaani tabibu wa uti wa mgongo, na fomu yake inasema waziwazi kwamba saini ya mtaalamu mwingine yeyote haitapokelewa. New Jersey imeongeza sharti lake: tangu sheria yake ya mwaka 2013, daktari, muuguzi wa ngazi ya juu au PA anayewapima wanamichezo wa shule lazima awe amekamilisha somo maalumu la kukagua moyo wa mwanafunzi mwanamichezo, na uchunguzi unatarajiwa kufanyika mahali mtoto anapotibiwa siku zote, asiye na mahali hapo hupimwa na daktari wa shule. Naiona sheria hiyo kuwa ya busara, kwa sababu inauliza pia kama mwenye leseni amejifunza kitu anachotakiwa kukitafuta.

Je, kiroprakta anakubaliwa?

Inategemea jimbo. Texas, Iowa, Kentucky na Florida humkubali. Michigan inakubali MD, DO, PA na NP peke yao. Kwa kuwa familia zetu huhama sana, kutoka Kentucky kwenda Michigan kwa mfano, ni vema kujua kwamba fomu iliyokubaliwa ulikotoka inaweza kurudishwa unakohamia. Nami nasema bila kuwavunjia heshima wenye taaluma hiyo: hata pale sheria inapowaruhusu, ningempeleka mwanangu kwa mtu anayesikiliza mioyo ya watoto kila siku.

Nesi wa shule amempima mtoto wangu. Kwa nini fomu imekataliwa?

Kwa sababu neno nesi limebeba watu wengi mno. Katika lugha yetu anayechoma sindano, anayepima shinikizo la damu na anayeandika dawa wote tunaweza kuwaita manesi, ilhali Marekani hutofautishwa na leseni. Muuguzi mwenye herufi RN ni mtaalamu wa kuheshimika, lakini leseni yake haimruhusu kumtangaza mwanafunzi kuwa yuko tayari kwa michezo. Niliwahi kukaa na mama mmoja aliyekuja amekunja fomu mara nne mkononi. Ilikuwa imejazwa yote, urefu, uzito, mapigo ya moyo, hadi chini kabisa, na saini ilikuwa nzuri na ya kusomeka, ikifuatiwa na herufi mbili, RN. Kijana wake hakucheza mechi ya kwanza kwa ajili ya herufi hizo mbili. Tangu siku ile nawaomba wazazi wasiondoke dirishani kabla hawajasoma herufi zinazofuata jina la aliyesaini, na kuhakikisha kwamba tarehe ya uchunguzi imeandikwa.

Wengine ambao saini zao hazipokelewi ni mtaalamu wa tiba ya michezo aliyeajiriwa na shule, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mfamasia, daktari wa meno na kocha. Wanaweza kusaidia kupima urefu au macho kwenye zoezi la kuwapima wanafunzi wengi kwa pamoja, lakini uamuzi si wao.

Mjomba wake alikuwa daktari Lubumbashi. Kwa nini asisaini?

Swali hili linauma, na nimeliona likiwatoa watu machozi. Tunao madaktari waliofanya kazi miaka mingi Kongo, Burundi au Tanzania, ambao leo wanahudumia wazee katika nyumba za kulelea huku wakisubiri kukamilisha mitihani. Elimu yao haijapotea, lakini kinachoangaliwa ni leseni ya sasa, iliyotolewa na bodi ya jimbo la Marekani. Bila hiyo saini yao haina nguvu, na inaweza kuwatia matatani wao wenyewe. Mjomba wa aina hiyo ana kazi nyingine kubwa: akae na mzazi, amfafanulie kila swali la historia ya afya, na akumbuke nani katika ukoo aliugua nini. Hapo atakuwa amemlinda mtoto kuliko kwa saini.

Na ikiwa mzazi au mjomba ana leseni halali ya hapa? Chama cha Madaktari cha Marekani huwashauri madaktari kwa ujumla wasiwatibu watu wa familia zao wa karibu, kwa hiyo ni bora kumtafuta mwenzake.

Tulipimwa na IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) kabla ya safari, kisha tukapimwa tena baada ya kufika. Hiyo haitoshi?

Haitoshi. Uchunguzi wa kabla ya safari ulikuwa wa uhamiaji, na hutafuta hasa magonjwa kama kifua kikuu. Ule wa miezi ya kwanza baada ya kufika hushughulikia chanjo, minyoo, damu na afya kwa jumla. Hakuna kati ya hizo inayouliza kama mtoto huzirai anapokimbia. Lakini karatasi zake msizitupe. Pelekeni siku ya fizikali, kwa sababu daktari anaweza kukuta humo neno kuhusu sauti isiyo ya kawaida moyoni ambalo hakuna aliyelifuatilia.

Je, kliniki za ndani ya maduka ya dawa zinakubaliwa? Na zoezi la pamoja linalofanyika shuleni?

Kwa kawaida ndiyo, kwa sababu wanaohudumu katika kliniki za madukani huwa ni NP au PA, na katika zoezi la pamoja huwapo daktari anayesaini. Ni haraka, na bei huwa nafuu. Tatizo ni kwamba yule anayempima hamfahamu mtoto, hana faili lake, na nyuma yake kuna foleni. Vyama vya madaktari hupendekeza uchunguzi ufanyike kwa daktari wa siku zote wa mtoto, na angalau wiki 6 kabla ya mazoezi kuanza, ili likigundulika jambo uwepo muda wa kulifuatilia.

Anaweza kupimwa kwa video?

Maswali ya historia yanaweza kuzungumzwa kwa video, lakini moyo hausikilizwi kwa simu. Daktari makini humsikiliza mtoto akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, kwa sababu sauti inayotokana na unene usio wa kawaida wa misuli ya moyo huongezeka mtu anaposimama. Mzazi akiona mtoto ameambiwa achuchumae na kuinuka mara mbili tatu, ajue kazi inafanywa sawasawa.

Uchunguzi mmoja hudumu kwa muda gani?

Hapa pia kila jimbo lina lake. Illinois huhesabu siku 395 tangu tarehe ya uchunguzi. Michigan hukubali uchunguzi uliofanywa kuanzia Aprili 15 ya mwaka wa shule uliotangulia. Iowa hutoa mwaka mmoja na siku 30 za nyongeza. Wisconsin huukubali kwa miaka miwili ya shule ukifanywa kuanzia Aprili 1, na Minnesota huukubali kwa miaka mitatu, huku mzazi akijaza dodoso la afya kila mwaka. Texas hudai uchunguzi kabla ya kuanza michezo ya shule ya kati, kisha kabla ya mwaka wa kwanza na wa tatu wa sekondari, ingawa wilaya nyingi hudai kila mwaka.

Kwa nini wanauliza kuhusu ndugu waliokufa? Hilo linamhusu nini mtoto?

Linamhusu kuliko swali jingine lolote kwenye karatasi hiyo, na ningetamani kila mzazi alisome akiwa ametulia. Fomu huuliza kama yuko ndugu aliyekufa ghafla, au kwa ugonjwa wa moyo, kabla ya kufikisha miaka 35. Fomu nyingine huandika miaka 50. Zipo hata zinazotaja kuzama majini na ajali ya gari isiyoelezeka, kwa kuwa mtu ambaye moyo wake umesimama akiwa anaogelea huonekana kana kwamba amezama tu. Magonjwa kadhaa ya moyo yanayowaua vijana uwanjani hurithiwa. Huo wa kunenepa kwa misuli ya moyo, ambao ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana hapa Marekani, mzazi aliye nao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto anayemzaa.

Sasa fikirieni jinsi vifo vya aina hiyo vinavyosimuliwa kwetu. Hausemwi ugonjwa wa moyo. Husemwa alianguka tu shambani, au alikwenda mtoni hakurudi, au alirogwa na jirani, au ilikuwa ni mipango ya Mungu. Nilikuwa chumbani siku moja PA alipomuuliza baba mmoja swali hili, naye akajibu hapana kwa haraka, kwa uhakika kabisa. PA hakuridhika. Aliuliza tena kwa namna nyingine: je, yuko mtu katika ukoo aliyefariki akiwa kijana, na watu hawakuelewa kwa nini? Baba akanyamaza, akamtazama mwanawe, kisha akasema taratibu kwamba mdogo wake wa kuzaliwa alianguka akicheza mpira akiwa na miaka 19, na kwamba nyumbani walikwisha kumjua aliyehusika. Kijana alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Alitumwa kwa daktari wa moyo kabla ya kupewa ruhusa.

Sisemi hapa nani yuko sahihi kuhusu sababu za kifo. Nasema kwamba fomu haiulizi nani alimuua. Inauliza kama alikufa akiwa kijana na kwa ghafla, na jibu la swali hilo ni ndiyo. Kadhalika, mtoto aliyezirai akiwa anakimbia, si baada ya kusimama muda mrefu kwenye jua wakati wa ibada au paredi bali akiwa katikati ya mbio, aandikiwe ndiyo hata kama ilitokea mara moja katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi iliyopita. Na aliyewahi kuugua homa ya rumatizimu, ambayo huanza na koo na viungo na huweza kuacha kovu kwenye milango ya moyo, aseme pia.

Mtoto ana chembe za selimundu, je, atakatazwa kucheza?

Lazima tutofautishe. Mwenye ugonjwa wa selimundu anahitaji mpango maalumu na daktari wake. Aliyerithi chembe hizo kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye yeye mwenyewe si mgonjwa, huruhusiwa kucheza, ila anatakiwa aanze mazoezi polepole, anywe maji ya kutosha na apumzike mara anapohisi misuli kuuma au kuishiwa nguvu, maana akilazimishwa kuendelea anaweza kuanguka. Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa selimundu wakiwa wachanga katika majimbo yote. Aliyezaliwa Kigoma, Uvira au Kampala huenda hakupimwa kamwe, kwa hiyo mzazi ndiye wa kuomba kipimo cha damu.

Binti yangu hataki kupimwa na mwanamume. Tufanyeje?

Semeni mnapoweka miadi kwamba mnahitaji mtaalamu mwanamke. Ombi hilo ni la kawaida. Binti anaweza kubaki na hijabu, na chombo cha kusikilizia kikapitishwa chini ya nguo. Mnaweza pia kuomba mtu wa tatu awepo chumbani wakati wa kupimwa. Ataulizwa kuhusu hedhi, kwa sababu hedhi inayokatika kwa msichana anayefanya mazoezi makali huashiria kwamba hali chakula cha kutosha, na mifupa yake iko hatarini.

Mtoto mwenyewe anajua Kiingereza vizuri. Kwa nini asitafsiri?

Kwa sababu yeye ndiye mgonjwa, na kwa sababu anataka sana kucheza. Nimeshuhudia mwenzake akitafsiri swali la kuzirai kuwa swali la kuchoka. Kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu, na karibu zote huzipokea, zinawajibika kuwapa mkalimani mwenye sifa bila malipo, na hazitakiwi kumtegemea mtoto isipokuwa wakati wa dharura. Ombeni Kiswahili kwa jina, na mkiwa mnaelewana zaidi kwa Kiswahili cha Kongo, kwa Kinyarwanda au kwa Kirundi, semeni hivyo mapema.

Je, kipimo cha umeme wa moyo ni lazima?

Katika majimbo mengi si lazima. Shirika la Moyo la Marekani hupendekeza maswali na vipimo 14 vya kawaida, kisha kipimo cha umeme kwa yule anayetiliwa shaka. Texas, kwa sheria ya mwaka 2019, inazitaka shule ziwajulishe wazazi kwamba wana haki ya kukiomba. Florida ilipitisha sheria mwaka 2025 inayokidai kwa wanafunzi wa sekondari wanaoanza michezo kuanzia mwaka wa shule wa 2026/2027.

Gharama yake?

Unganisheni fizikali na uchunguzi wa kila mwaka wa mtoto, ambao Medicaid, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini, na bima nyingine nyingi huulipia wote. Chukueni fomu ya shule mwende nayo siku hiyohiyo. Asiye na bima aende kituo cha afya cha jamii, ambako malipo hupangwa kwa kipato cha familia.

Daktari amekataa kusaini. Tumpeleke kwa mwingine?

Kwanza mwulizeni ameona nini. Mara nyingi hajakataa, bali amesimamisha hadi majibu fulani yapatikane: shinikizo la damu lipimwe tena, pumu idhibitiwe, goti lipigwe picha. Maoni ya daktari wa pili ni haki yenu, lakini mpelekeeni maandishi ya wa kwanza. Kuzunguka kliniki hadi apatikane wa kusaini bila kuuliza ni kumficha mtoto ugonjwa wake mwenyewe.

Aliumia kichwa katikati ya msimu. Aliyesaini fizikali anaweza kumrudisha uwanjani?

Si lazima awe yeye. Majimbo yote yana sheria kuhusu mtikisiko wa ubongo, kuanzia ile ya Washington ya mwaka 2009, na orodha ya wanaoruhusiwa kumrudisha mchezaji mara nyingi ni fupi kuliko ile ya fizikali. Texas, kwa mfano, humkubali kiroprakta kwa fizikali, lakini baada ya mtikisiko wa ubongo huhitaji taarifa ya maandishi ya daktari anayemtibu. Hadi taarifa hiyo ifike mikononi mwa shule, mtoto anabaki nje ya uwanja hata kama kichwa kimeacha kuuma na kocha anamhitaji Ijumaa.